Chumba Chako Chataka Ubao Kiasi Gani?

Mwenye nyumba akisha kutengeneza sakafu na kupaka kuta zake chokaa, hubaki kazi moja ndogo ambayo watu wengi huidharau. Kazi hiyo ni kupigilia ubao mwembamba chini ya ukuta, pale ukuta unapokutana na sakafu. Mafundi wa mjini huuita skatingi. Sisi katika makala haya tutauita ubao wa ukingo. Faida yake ni kuficha ufa ulio baina ya ukuta na sakafu, na kuukinga ukuta usichubuliwe na ufagio, miguu ya viti na maji ya kupigia deki. Kazi yenyewe huisha kwa siku moja au mbili, lakini hesabu yake imewapotosha wengi, na katika kisiwa cha Lamu kukosea hesabu kuna gharama kubwa kuliko mahali pengine.

Fikiri safari ya ubao mmoja mpaka ufike Shela. Hutoka bara kwa lori, aghalabu kwa njia ya Mombasa, Malindi, Garsen na Witu, hata Mokowe. Hapo hushushwa gatini ukapakiwa chomboni, ukavuka maji mpaka Lamu, au ukaenda moja kwa moja mpaka Shela, iliyo kiasi cha kilomita 3 kutoka mji wa Lamu ukifuata pwani. Vichochoro vya Shela havipitishi lori. Kutoka ufuoni mzigo huchukuliwa na punda au na mabega ya watu. Basi mtu aliyepungukiwa na mbao mbili hawezi kumtuma mtoto dukani akazilete kabla ya adhuhuri. Atalipa nauli mara ya pili, na huenda mbao za mara ya pili zisifanane na zile za kwanza. Kwa maana ubao wa ukingo hupigwa randa ukapata umbo lake upande wa juu, na umbo lililopigwa na mashine moja leo si rahisi kulipata sawasawa katika mashine nyingine mwezi ujao. Naye aliyenunua kupita kiasi hana faida kubwa kuliko mwenzake, kwa sababu hakuna mwenye duka atakayelipia nauli ya kurudisha mbao.

Tena kuna jambo la wakati. Kwa desturi ya zamani ya jamaa wengi wa Lamu na Shela, nyumba ni mali ya binti, na baba humjengea bintiye au humwongezea orofa anapokaribia kuolewa. Kwa hiyo matengenezo mengi ya vyumba hufanywa wakati siku ya harusi imekwisha kutajwa na wageni wamekwisha kualikwa. Ubao ukipunguka katika juma la mwisho, chumba cha bibi arusi kitakuwa na ukingo pande tatu, na upande wa nne utakuwa wazi.

Kosa la kuhesabu sakafu

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kukadiria ubao kwa ukubwa wa sakafu. Tuseme mama mwenye nyumba amemwita fundi, nao wamesimama mlangoni.

“Fundi, chumba hiki chataka ubao kiasi gani?”

“Bibi, chumba hiki ni sawa na kile cha jirani yako nilichokifanya mwezi uliopita. Hata vigae vya sakafu idadi yake ni moja. Nunua kama alivyonunua yeye.”

“Lakini cha jirani ni cha mraba, fundi, na changu ni kirefu.”

“Sakafu ni ile ile, Bibi.”

Sakafu ni ile ile kweli, lakini bibi ndiye aliyesema neno lenye maana. Vigae hufunika sakafu yote, kwa hiyo huhesabiwa kwa mita za mraba. Ubao wa ukingo haufunikii sakafu, huizunguka. Hupimwa kwa urefu wa mzunguko wa kuta, na vyumba viwili vyenye sakafu sawa huweza kuwa na mizunguko iliyotofautiana sana. Chumba cha mita 5 kwa mita 4 kina mita za mraba 20, na mzunguko wake ni mita 18. Chumba cha mita 10 kwa mita 2 nacho kina mita za mraba 20, lakini mzunguko wake ni mita 24. Kadiri chumba kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyokula ubao zaidi.

Sasa, wasomaji wetu wa bara huenda wakauliza kwa nini tumechagua mfano wa Shela. Sababu ni kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Shela, Lamu na pwani yote ya Waswahili ni virefu na vyembamba, wala si kwa sababu waliovijenga walipenda kukaa katika njia nyembamba. Dari za nyumba hizo hubebwa na boriti za mkoko, na juu ya boriti huja mawe na chokaa, mzigo mzito sana. Boriti yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi haiwezi kuchukua mzigo huo katika nafasi pana. Kwa hiyo upana wa chumba ulikatwa na nguvu ya mti: katika nyumba za zamani ni nadra kuona chumba kilichopita mita 2.8 hivi. Mwenye mali aliyetaka chumba kikubwa hakuweza kukipanua, alikirefusha tu. Boriti hizo hizo zilichukuliwa na majahazi kwa mamia ya miaka mpaka Arabuni na nchi za Ghuba, nako pia zikaamua upana wa vyumba vya watu, hata serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi mwaka 1982.

Basi mtu wa Shela anayefuata kipimo cha chumba cha mraba cha nyumba mpya ya saruji hana budi kupungukiwa. Chumba cha mraba cha mita 4.5 kila upande kina mzunguko wa mita 18. Chumba cha kizamani chenye sakafu kama hiyo, tutakachokipima hapa chini, kina mzunguko wa mita 20 na nusu. Tofauti ni mita 2 na nusu, yaani futi 8 na zaidi, na hizo ndizo mbao zilizomkasirisha yule bibi tuliyemtaja.

Namna ya kupima

Chukua utepe wa kupimia, karatasi na kalamu. Chora umbo la chumba kwenye karatasi kabla ya kupima cho chote. Anza kwenye mwimo wa mlango ulio upande wako wa kushoto, uende ukuta baada ya ukuta mpaka urudi kwenye mwimo wa pili, na kila ukuta uandike kipimo chake palepale kwenye mchoro. Mtu anayerukaruka kutoka ukuta huu kwenda ule wa mbele yake aghalabu husahau kipande kimoja, au hukipima mara mbili.

Usipime ukuta mmoja mrefu na mmoja mfupi ukazidisha mara mbili. Hesabu hiyo huwafaa watu wenye nyumba mpya ambazo pembe zake ni sawa. Nyumba nyingi za mawe za Shela ni za karne ya 19, wakati mji huo ulipositawi. Msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara mrefu ulijengwa mwaka 1829. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyo na umbo moja, zikapakwa chokaa, na tangu hapo zimepakwa tena na tena. Ukuta wa mashariki waweza kupita wenzake wa magharibi kwa upana wa kiganja kizima, na macho yasione. Kwa sababu hiyo pima kila ukuta peke yake. Tena pima chini kabisa, mahali ubao utakapokaa, si usawa wa kiuno. Ukuta mnene wa zamani mara nyingi huwa umetoka tumbo.

Wazee wetu walipima kwa shibiri, mkono na pima, na vipimo hivyo vilitosha kwa sababu mpimaji ndiye aliyekuwa mkataji. Siku hizi anayepima yuko Shela na anayeuza yuko Mombasa, na mikono ya wanadamu haifanani. Mtu mwenye mkono wa sentimita 46 akipima ukingo wa mita 19 na nusu atapata mikono 42 na zaidi, na mwenye mkono wa sentimita 49 atapata mikono pungufu ya 40. Wote wawili wamepima kwa uaminifu, lakini mmoja wao akimwagizia mwenziwe ubao utakosekana.

Hata hivyo iko njia moja isiyohitaji utepe wala tarakimu, nayo ni njema kwa vipande vifupi vya mlangoni na pembeni. Kata ufito mnyofu, uulaze chini ya ukuta, utie alama ya kisu mwanzo na mwisho wa kipande, kisha upeleke ufito wenyewe kwa seremala. Ufito hausahau, wala mtu hawezi kusoma inchi mahali pa sentimita.

Milango, madirisha na unene wa ukuta

Madirisha hayapunguzi kitu, maana ubao hupita chini yake. Mlango wenye fremu hupunguza: toa upana wake, ukipima kutoka upande wa nje wa mwimo huu mpaka upande wa nje wa mwimo ule, kwa sababu ubao utakoma hapo. Wengi hupima nafasi ya kupita tu, wakasahau miimo, na hapo hununua ziada ya kiasi cha shibiri moja kwa kila mlango. Hilo si kosa la kumlilia mtu.

Lakini katika nyumba ya kizamani kuna jambo ambalo vitabu vya mafundi wa ng’ambo havilitaji. Kutoka kiwanda kwenda msana, na kutoka msana kwenda ndani, huenda mkakuta uwazi usio na fremu wala mlango, na ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita. Ubao wa ukingo hauwezi kukatika ghafula ukingoni mwa uwazi huo ukaacha unene wa ukuta mtupu. Hugeuka na kuufuata ukuta mpaka upande wa pili. Basi ukitoa upana wa uwazi, huna budi kuongeza unene wa ukuta mara mbili, kulia na kushoto. Uwazi wa sentimita 95 katika ukuta wa sentimita 48 unatoa 95 na kurudisha 96. Kwa ufupi, uwazi kama huo haupunguzi ubao hata kidogo. Angalia tu usiuandike katika hesabu ya vyumba viwili; unene wa ukuta ni wa chumba kimoja, chagua kimoja.

Zidaka zilizo juu ukutani hazihusiki. Ikiwa kiko kidaka kinachoanza sakafuni, kipime kama chumba kidogo: kina chake, upana wake, na kina chake tena.

Mfano wa chumba kimoja

Hapa tunatoa mfano kamili, na msomaji anaweza kuweka vipimo vyake mwenyewe mahali pa hivi vyetu. Chumba ni cha ndani. Ukuta mrefu wa kwanza ni mita 7.65, na katikati yake pana uwazi tuliousema wa mita 0.95, upande wa kushoto wa uwazi ni mita 3.40 na wa kulia ni mita 3.30. Ukuta mrefu wa pili ni mita 7.52, nao ni mzima. Ukuta mfupi mmoja ni mita 2.70, mzima pia. Ukuta mfupi wa pili ni mita 2.63, nao una mlango wenye fremu ya mita 1.10, unabaki mita 0.40 upande mmoja na mita 1.13 upande wa pili.

Jumla ya kuta zote nne ni mita 20.50. Toa mlango wa fremu, mita 1.10, zabaki 19.40. Toa uwazi, 0.95, ongeza unene wa ukuta mara mbili, 0.96, tunapata mita 19.41. Huo ndio urefu wa ubao utakaoonekana chumbani kazi itakapokwisha.

Urefu wa kununua si huo. Kila pembe hula ubao kidogo kwa kukatwa mshazari, kila kiungo hula kidogo, na katika kila mzigo kuna ubao wenye fundo au ufa mwishoni. Desturi ya mafundi ni kuongeza sehemu moja katika kumi. Na chumba chenye pembe nyingi, huongezwa sehemu moja na nusu. Chetu si kigumu, basi tunaongeza mita 1.94, na jumla ni mita 21.35. Mbao nchini Kenya bado zinauzwa kwa futi. Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo tunagawa 21.35 kwa 0.3048, tukapata futi 70 na kitu kidogo. Tuandike 71.

Wengi huishia hapa, wakamwambia mwenye duka awape futi 71. Lakini mwenye duka hauzi futi, huuza mbao. Atakupa alizo nazo: labda za futi 8, labda za futi 10, 12 au 14, na zote zikijumlishwa ni futi 72. Kwa kalamu umepata haki yako, na chumbani huenda umepata mashaka. Mbao tisa za futi 8 ni futi 72, lakini ubao wa futi 8 ni mita 2.44 tu, hauenei hata ukuta mfupi wa mita 2.70. Ukuta mrefu utakuwa na viungo vitatu, na kila kiungo ni mahali pa kufumuka.

Kwa hiyo kabla ya kununua, gawa vipande juu ya karatasi. Kwa mbao za futi 12, yaani mita 3.66 kila moja, mambo huwa hivi. Ubao wa kwanza unatoa kipande cha mita 3.40, na wa pili unatoa cha mita 3.30. Ukuta mzima wa mita 7.52 unataka mbao mbili, lakini mbili za futi 12 zikiunganishwa ni mita 7.32, zinapungua sentimita 20. Kiraka cha shibiri moja katika ukuta ulio mbele ya mlango ni aibu. Nunua ubao mmoja wa futi 12 na mmoja wa futi 14. Hapo una mita 7.92 na kiungo ni kimoja tu. Ubao wa tano unatoa mita 2.70 ya ukuta mfupi, na mabaki yake yanatoa unene mmoja wa ukuta, mita 0.48, na kile kipande kidogo cha mita 0.40. Ubao wa sita unatoa mita 1.13 na unene wa pili wa ukuta, ukabakiza mita mbili hivi.

Basi orodha ya kununua ni mbao 5 za futi 12 na ubao 1 wa futi 14, jumla futi 74. Ni futi 3 zaidi kuliko hesabu ya jumla ilivyosema, na hizo futi 3 ndizo zinazoondoa kiraka. Orodha hiyo iandikwe kwa idadi ya mbao na urefu wa kila mmoja, na anayekwenda Mombasa au Lamu aambiwe asikubali kubadilishiwa mpaka aulize.

Pembe zisizo sawa

Pembe ya chumba ikiwa sawasawa, kila ubao hukatwa kwa digrii 45 na mbili hukutana vizuri. Kujua kama pembe ni sawa, tia alama ya chaki futi 3 kutoka pembeni katika ukuta mmoja, na futi 4 katika ukuta wa pili, kisha pima toka alama hata alama. Ikiwa ni futi 5 kamili, pembe ni sawa. Ikizidi, pembe imefunguka; ikipungua, imefumba. Katika nyumba ya zamani usishangae kukuta zote nne zina tabia mbalimbali.

Fundi mzoefu hakati mshazari katika pembe za ndani. Huusukuma ubao wa kwanza mpaka ukutani, kisha ncha ya ubao wa pili huichonga ifuate umbo la uso wa ule wa kwanza. Njia hii hustahimili pembe mbovu, na mbao zikisinyaa wakati wa kaskazi ufa hauonekani. Mshazari hubaki kwa pembe za nje, kama zile za uwazi wa msana, na huko kila kipande kiongezwe unene wa ubao wenyewe, kwa sababu upande wa nje wa pembe ni mrefu kuliko ukuta.

Ukuta wenye chumvi

Kabla ya kufungua mfuko wa fedha, gusa ukuta wenyewe karibu na sakafu. Mawe ya matumbawe yalitoka baharini, na mpaka leo machimbo ya Maweni katika kisiwa cha Manda huleta mawe ya kujengea kwa chombo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini na chumvi pamoja. Ukiona unga mweupe, au chokaa ikimomonyoka kwa kidole, ukuta huo haupaswi kupigiliwa ubao. Ubao utazuia unyevu usitoke, misumari itakula kutu, mchwa watapata njia iliyofichika, na baada ya masika machache utakuwa umenunua kazi mara mbili. Watu wengine hukimbilia saruji. Saruji huziba ukuta vibaya zaidi, na unyevu uliozuiliwa chini hupanda ukatokea juu yake.

Wajenzi wa zamani hawakuwa na ubao wa ukingo. Walimalizia chini ya ukuta kwa chokaa hiyo hiyo, wakaisugua na niru mpaka ikawa laini. Ukingo wa chokaa hukadiriwa kwa mita zile zile tulizopima, ila huongezwi kitu kwa ajili ya viungo. Kwa chumba chetu, ukingo wa kimo cha sentimita 15 na unene wa sentimita 2, zidisha 19.41 kwa 0.15 kwa 0.02, unapata lita 58 hivi za udongo wa chokaa, yaani karibu madebe 3 ya lita 20. Korogesha madebe 4, kwa maana ukuta wa matumbawe una mashimo nao humeza. Sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga hutosha. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa sababu ya chumvi. Wala usichotwe katika vilima vya mchanga vya Shela, maana vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayonywewa Lamu.

Ukuta ukiwa mkavu, ubao ni mzuri. Mvule, msaji na mbambakofi ni ghali lakini hustahimili. Mbao laini za kutoka bara ni rahisi, nazo zataka dawa ya mchwa na rangi pande zote mbili, hata upande utakaoegemea ukuta. Zikifika, usizikate siku hiyo. Zilaze ndani ya chumba chenyewe kwa siku chache, zimeachana kidogo ili hewa ipite, zizoee unyevu wa pwani; ubao uliokatwa kabla ya kuzoea huweza kuvimba ukainuka katikati ya ukuta. Ukipigilia, acha nafasi ndogo ya unene wa sarafu baina ya ubao na sakafu, maji ya deki yasinywewe na mti. Kile kipande cha mita mbili kilichosalia andika jina la chumba nyuma yake kwa penseli, ukiweke mahali pakavu, kwa ajili ya siku ambayo kabati litaburutwa na kuvunja ukingo wa pembeni.